Mkondo na Mkumbo

Na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho

Yako maneno manne ya Kiingereza ambayo tangu muhula uliopita yameenea katika shule yetu hapa Bugarama kama moto wa kiangazi. Maneno yenyewe ni haya: “go with the flow.” Utayakuta yameandikwa kwa kalamu nyekundu juu ya majalada ya madaftari. Utayakuta kwa chaki nyuma ya mlango wa bweni. Hata wale wasioweza kutunga sentensi tatu za Kiingereza bila kuvunja sarufi, haya huyatamka kama watu waliozaliwa London. Ukimwuliza mwenzako ataomba kusoma nini Chuo Kikuu, jibu ni hilo. Ukimwuliza atampigia nani kura siku ya kuchagua kiranja, jibu ni hilo. Na kengele ya usiku ikilia kabla bweni halijafagiliwa, asemaye maneno hayo huona kwamba amekwisha jitetea.

Kwa Kiswahili tungesema: nenda na mkondo, yaache maji yakuchukue. Waingereza huyasema kumsifu mtu mtulivu, asiye na papara, awezaye kuishi po pote na watu wo wote bila manung’uniko. Ni sifa njema, nami sikushika kalamu ili kuibeza. Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiingereza na Kiswahili vikawekwa katika masomo ya watoto wadogo. Basi ni haki yetu kuchukua maneno ya lugha hiyo na kuyatumia. Lakini maneno haya yametoa mfano wake katika maji, na kwa habari za maji sisi tukaao juu ya ziwa tunaweza kuwahoji Waingereza kidogo. Kabla ya kukubali kwenda na mkondo, yatupasa tuulize: mkondo upi, nao wakwenda wapi?

Swali hilo si la mzaha. Limewasumbua watu wakubwa. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 hivi, na kina chake chafika mita 1,470. Duniani kote ni ziwa moja tu lililo na kina zaidi, nalo ni Baikal huko Urusi. Daktari David Livingstone alipokaa Ujiji aliyaona maji ya juu yakisogea kaskazini pole pole. Alikuwa akitafuta chanzo cha mto Nili, na mtu atafutaye kitu kwa miaka mingi huona dalili zake kila mahali. Akafikiri huenda ziwa lote ni kama mto mpana uendao kaskazini, na kwamba maji yake hutokea kwa mto Rusizi na kuendelea mpaka Nili.

Mwezi wa Novemba mwaka 1871 yeye na Henry Morton Stanley walipanda mtumbwi Ujiji wakaifuata pwani yetu hii kwenda kuhakikisha. Walipita chini ya milima ile ile tuionayo kila asubuhi tukienda kunawa. Kule Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, wageni huonyeshwa mpaka leo jiwe kubwa lililochorwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Basi walipofika mahali Rusizi unapokutana na ziwa, hawakuhitaji vyombo vya kupimia. Maji ya mto yalikuwa yakiwajia usoni. Rusizi huingia ziwani, hautoki. Nao wenyeji wa Uvira walikuwa wamewaambia Richard Burton na John Speke habari hiyo hiyo tangu mwaka 1858, yaani miaka 13 kabla yake! Wavuvi walijua, ila mabwana wa ramani hawakutosheka na neno la wavuvi.

Wataalamu wa siku hizi wameyachunguza maji haya, na nadhani wametuonyesha lile lililompoteza Livingstone. Kuanzia mwezi wa Mei mpaka Septemba upepo utokao kusini-mashariki huvuma kwa nguvu juu ya ziwa, ukiyasukuma maji ya juu, yenye joto, yaje huku kaskazini kwetu. Maji hayo yakirundikana huku, yale ya baridi yaliyo chini hupanda upande wa Zambia, yakichukua rutuba inayolisha wadudu wadogo, na hao huliwa na samaki. Upepo ukipungua, maji ya chini huanza kurudi, huyumba huku na huku kama maji ya beseni lililobebwa kichwani, na kuyumba huko huendelea kwa majuma mengi. Basi katika ziwa moja, saa moja, maji ya juu yaweza kuwa yanakwenda kaskazini huku ya chini yakienda kusini. Aketiye mtumbwini na kusema “nakwenda na mkondo” ametaja ule anaouona tu.

Na mlango wa ziwa wenyewe ulikuwa wapi? Ulikuwa magharibi, katika mto Lukuga, mahali ulipo mji wa Kalemie. Verney Lovett Cameron aliufikia mwaka 1874 akauona umezibwa na matete. Stanley aliufikia mwaka 1876, asikute mkondo wa maana. Kisha, yapata mwaka 1878, ziwa lililokuwa limejaa likakivunja kizuizi kile; na Edward Coode Hore, wa chama cha London Missionary Society, alipofika mwaka 1879 aliyakuta maji yanatoka kwa nguvu. Yalikwenda Lualaba, na kutoka huko kwa mto Kongo mpaka bahari ya Atlantiki, mbali kabisa na Nili. Kabla miaka 20 haijatimia ziwa lilikuwa limeshuka kama mita 10. Mahali palipoonekana kimya na majani matupu ndipo ulipokuwapo mkondo wa kweli. (Na kwa wale wapendao kujua kila kitu: sehemu iliyo kubwa ya maji yanayotoka katika ziwa letu haifuati mto wo wote, hupanda juu kwa jua na kuwa mawingu.)

Nimekawia katika historia kwa kuwa ni tamu. Sasa tuwatazame wavuvi, maana hao ndio hasa wenye haki ya kusema juu ya kwenda na maji.

Mjomba wangu huvua Rumonge. Chombo chao ni mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, na wavu huteremshwa katikati. Taa huwashwa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi ni taa za betri. Ndagala huzifuata taa, na mikeke huwafuata ndagala. Lakini mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote huwa jeupe na taa hazina kazi. Basi siku hizo mjomba haendi. Hatukani mwezi. Hukaa chini ya mwembe akishona wavu, huenda kusalimia wagonjwa, huvunja deni hili na kufunga lile. Giza likirudi, naye hurudi ziwani. Huyo ndiye mtu mtulivu, tena ajuaye kujirekebisha, na kama maneno ya Kiingereza yana maana yo yote, maana yake ni yeye.

Huko ziwani pia hapigani na mkondo. Wakishafika mahali pao injini huzimwa na chombo huachwa kielee. Mimi nilikwenda nao wakati wa likizo, na kwa saa ya kwanza niliona kwamba kazi hii ni ya watu wavivu. Kisha nikaanza kuwatazama vizuri. Mmoja alikuwa akiangalia taa za barabara kwenye pwani ya Minago, apate kujua tumesogea kiasi gani na kwenda upande gani. Mwingine aliangalia anga la upande wa Kongo, kama nyota zinafichwa. Wa tatu alikuwa ameushika wavu kwa vidole viwili tu, akisikiliza kama unavutwa upande. Makasia yalikuwa tayari miguuni pao. Hakuna aliyesema neno, na hakuna aliyelala isipokuwa mimi, mwanafunzi, saa nane za usiku.

Waswahili wa pwani ya bahari wamejua mambo hayo kwa karne nyingi. Pepo za kaskazi, miezi ya Desemba mpaka Machi, zilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi mpaka Lamu, Mombasa na Unguja. Pepo za kusi zilizofuata zikayarudisha kwao. Mfanyabiashara aliyekosa upepo alingoja miezi, akala, akaoa pengine, akajifunza lugha. Sidhani kama kuna watu duniani waliokwenda na maji na upepo kuliko hao. Lakini sikilizeni neno walilolitunga. Jahazi linapotaka kwenda mahali ambako upepo unatoka, haliwezi kwenda moja kwa moja. Huenda mshazari upande huu, kisha hugeuza tanga na kwenda mshazari upande ule, na hivyo hupanda pole pole kuukabili upepo. Kitendo hicho huitwa kubisha. Nalo ndilo neno lile lile tulitumialo kwa mtu asiyekubali jambo aliloambiwa: amebisha. Nahodha asiyejua kubisha atafika mahali upepo upendapo, na mzigo wa watu uko ndani yake.

Tena lugha hii ina methali ambayo kila mtoto wa darasa la tano anaijua, kwamba bendera hufuata upepo. Haisemwi kwa kumsifu mtu. Jahazi pia hutumia upepo, lakini hakuna aliyelicheka jahazi. Bendera huchekwa kwa sababu haina usukani, haina mzigo, wala haina mahali iendapo. Hupepea tu pale pale ilipofungwa.

Ndiyo maana naona Kiswahili kimefanya vema kuwa na maneno mawili mahali ambapo maneno ya mlango wa bweni ni mamoja. Tuna mkondo, na tuna mkumbo. Mkondo ni njia ya maji; maji yana sababu zake, na mtu aweza kuzijua. Mkumbo ni kule kukumbwa, kuzolewa pamoja na wengine kama majani makavu mbele ya fagio. Afuataye mkondo hutazama maji. Afuataye mkumbo hutazama migongo ya watu walio mbele yake. Na kwa macho ya mtu aliye mbali wote wawili wanafanana kabisa: wote wametulia, wote wanakwenda, wala hakuna anayetoa jasho.

Hata Brutus alichanganya hayo mawili. Katika mchezo wa Shakespeare uitwao Julius Caesar, ambao Mwalimu Julius Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili ukachapwa mwaka 1963, Cassius anataka jeshi lao likae mahali pake ili adui achoke kwa safari. Brutus anakataa, akitoa mfano wa maji yanayojaa: yakijaa yafuate, yakikupita umekwama. Maneno yake ni mazuri mno, na wanafunzi huyakariri kila mwaka. Wachache hukumbuka kwamba baada ya maneno hayo walikwenda Filipi, na wote wawili wakafa huko.

Lakini sina haja ya kwenda Roma. Katika pwani yetu hapa, kutoka Gitaza na Magara mpaka Rumonge na Nyanza-Lac, kuna nyumba zilizojengwa karibu na maji kiasi cha kuweza kunawa miguu dirishani. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inataka paachwe mita 150 kando ya Ziwa Tanganyika. Tena wazee walikuwa wakisema kwamba mwaka 1964 maji yalipanda sana, nao walionyesha mpaka yalipofika. Lakini mmoja alijenga, jirani akajenga kwa kuwa mmoja amejenga, na wa tatu akaona kwamba wawili hawawezi kukosea. Mwaka 2024 ziwa lilirudi karibu na alama ile ya mwaka 1964. Maji hayakumwuliza mtu alijenga kwa kumfuata nani. Siwalaumu wale maskini ambao hawakuwa na mahali pengine, maana ardhi katika nchi hii ni finyu na watu ni wengi. Nasema juu ya wale waliokuwa na kiwanja mlimani na wakaja chini kwa sababu ndiko wenzao walikojenga.

Sasa nije shuleni, maana ndiko nilikokusudia kufika tangu mwanzo.

Mwaka huu alikuja katika darasa moja la chini yetu kijana aliyekulia Kigoma. Kiswahili chake ni safi kuliko cha ye yote kati yetu, na hesabu zake ni njema. Kifaransa ndicho kinachomshinda, na Kirundi chake kina lafudhi ya ng’ambo. Siku ya kwanza alipoambiwa asome kwa sauti, mmoja alicheka. Wawili wakacheka. Kisha darasa zima, vijana arobaini na kitu, wakacheka mpaka wengine wakapiga madawati. Mchezo huo uliendelea kwa majuma matatu, hata kijana yule akaanza kujifanya mgonjwa kila siku yenye somo la Kifaransa. Mimi kwa kuwa ni mkubwa wa bweni lao niliwaita baadhi yao mmoja mmoja nikawauliza wanamchukia kwa nini. Hakuna hata mmoja aliyemchukia! Wawili walisema wanampenda, kwa kuwa huwasaidia hesabu. Na watano, kwa vinywa vyao, walinijibu kwa yale maneno manne.

Hapo ndipo nilipoanza kuyaogopa. Mtu akisema “nilicheka kwa sababu namchukia,” twaweza kuzungumza naye; ana sababu, hata ikiwa mbaya. Lakini huyu asemaye kwamba alikuwa anakwenda na mkondo hana sababu ye ye mwenyewe. Ameiacha kwa wengine, na wengine nao wameiacha kwake. Ukiwachukua wote arobaini ukawatafuta ndani yao yule aliyetaka jambo lile litendeke, pengine humpati.

Watu wa nchi hii hawahitaji kuelezwa sana jambo hilo laweza kufika wapi. Hata hivyo nitaitaja shule moja, kwa kuwa ilikuwa kama yetu na vijana wake walikuwa wa umri wetu. Tarehe 30 Aprili mwaka 1997, kabla mapambazuko hayajawa mchana, watu wenye silaha waliingia katika Seminari Ndogo ya Buta, karibu na mji wa Bururi, katika milima iliyo nyuma ya Rumonge. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge: Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Kumbukeni kwamba nchi ilikuwa vitani tangu mwezi wa Oktoba mwaka 1993, na kujitenga ndiko kulikokuwa mkondo wa siku zile. Mitaa ya Bujumbura ilikuwa imejitenga. Kila mtu alikuwa akipita njia hiyo, na siku hiyo palikuwa na bunduki za kuwahimiza. Vijana wa Buta hawakujitenga. Wakauawa, vijana 40, na makaburi yao yako pale pale Buta.

Nimesoma na kusikiliza habari zao mara nyingi, na jambo linalonishika zaidi ni lile lililotangulia siku hiyo. Gombera wao, Padre Zacharie Bukuru, ambaye alisalimika akaandika kitabu, ameeleza kwamba katika miaka ile ya vita wanafunzi walizoezwa kuzungumza wazi juu ya mambo ambayo nje ya ukuta hayakusemwa ila kwa kunong’ona. Walibishana. Walikasirikiana, kisha wakakaa meza moja. Kwa hiyo alfajiri ile haikuwa mara yao ya kwanza kukabili upepo. Mtu hajifunzi kugeuza tanga wakati wimbi limekwisha inuka; hujifunza siku za shwari, kwa vitu vidogo vidogo, pengine kwa kukataa kumcheka mtu anayesoma Kifaransa vibaya.

Najua nitakavyojibiwa, maana nimekwisha jibiwa bwenini. Nitaambiwa kwamba si kila jambo ni Buta. Kwamba mtu abishaye kila kitu ni mzigo kwa wenzake. Kwamba shule ya watu mia kadhaa haiwezi kwenda ikiwa kila mmoja ana mkondo wake. Nakubali yote matatu. Katika siku kumi, siku tisa ni za mjomba chini ya mwembe. Jikoni wakipika maharage badala ya ndagala, tuleni maharage. Mwalimu wa michezo akikuweka nyuma nawe umezoea mbele, kacheze nyuma, tena kwa furaha. Mvua ikikata barabara ya Rumonge, kama udongo wa Gitaza ulivyoikata mwaka 2015, na barua ya nyumbani isifike, hakuna faida ya kuupigia kelele mlima. Tena waheshimiwa hawa wa kubisha kila kitu ninawajua, mmoja analala kitanda kilicho juu ya changu, naye alibisha hata saa ya kuzima taa mpaka tukakosa usingizi sote.

Wala yule kijana wa Kigoma hatumtakii ugumu wa shingo. Yeye ndiye aliyejirekebisha kuliko sisi wote. Alikuja nchi ambayo ni yake bila kuijua, akajifunza kula chakula chetu, kusimama foleni yetu, kuwasalimu wazee kwa namna ya kwetu, na sasa anasoma Kifaransa usiku kwa mwanga wa taa ya mkononi. Wako wengi kama yeye katika pwani hii. Mwaka 1972 watu walikimbia kutoka Rumonge na Nyanza-Lac wakaenda Tanzania, wakakaa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Na waliporudi baada ya miaka zaidi ya 30, watoto wao na wajukuu wao walikuja na Kiswahili na madaftari ya Kitanzania, wakaingia madarasa ya Kifaransa. Walikwenda na maji kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine, lakini makasia yalikuwa mikononi. Ukitaka kumjua mtu wa namna hiyo, mwulize anakwenda wapi. Atakujibu.

Na hilo ndilo ningependa tuulizane katika juma hili la kujaza karatasi za kuomba vyuo. Nimepitia orodha ya darasa letu iliyobandikwa ukutani. Watu 19 waliokaa safu mbili za dirishani wameandika somo moja, na safu za ukutani wameandika jingine. Sidhani kama Mungu aligawa vipaji kwa kufuata madirisha. Kati ya hao 19 yumo mmoja ambaye tangu mwaka wa kwanza hutengeneza redio za walimu, naye ameandika sheria. Nilipomwuliza, alianza kunijibu kwa Kiingereza, kisha akanyamaza, akacheka, akaenda kuomba karatasi nyingine ofisini.

Nina ombi kwa kaka zetu waliomaliza hapa zamani, hasa ninyi mlioko Rumonge, Nyanza-Lac, Uvira na Kigoma mkifanya kazi ya uvuvi au kununua ndagala. Katika mitumbwi yenu mnayo maneno ambayo sisi wa madarasani hatunayo: ya maji ya juu, ya maji ya chini, ya maji yanayorudi baada ya upepo kukoma, na ya mtu anayekaa mtumbwini bila kujua lo lote katika hayo. Yaandikeni, mwaeleze na maana zake, mkayatume kwa mtengenezaji wa sehemu hii ya Kiswahili. Ameniahidi ukurasa mmoja mzima katika toleo lijalo.